Tanzia Juu ya Chovae

Jumatatu, 5 Februari 2018

Siku mbovu!

Saa nne asubuhi nilikuwa peke yangu mnarani, naongoza ndege za uwanja wa Kismayo. Rubani Famau alikuwa ameruka kupeleka dawa Ras Kamboni. Siku yake ya kwanza kazini tangu kumzika mama yake — Bi Mwanabibi, aliyeninyonyesha na mimi pia, mama yangu alipokosa maziwa. Kazikwa Ijumaa kwao, kisiwani Chovae. Sikwenda. Hakukuwa na wa kunishikia zamu.

Akanambia redioni yuko juu ya Chovae. Nikalifikiria lile kaburi. Kwetu ukikutana na mfiwa, tanzia kwanza, pole na dua, mengine baadaye. Nikabonyeza kitufe nikampa yake yote — Mungu amrehemu, ampanulie kaburi, na dua juu yake. Nusu dakika. Labda zaidi.

Nilipoachia, kelele redioni! Ndege ya miraa, rubani Abdulkadiri, ilikuwa inashuka, imempita Famau puani, wote futi elfu tatu. Famau aliinamisha ndege ubavu akampisha. Wamepona, alhamdulillahi.

Nikaandika kwenye daftari la mnara: Abdulkadiri hakutoa taarifa ya kushuka.

Jumanne, 6 Februari

Mji mzima unamlaumu Abdulkadiri. Ni rahisi kumlaumu — marubani wa miraa hukimbizana, kila mmoja awahi soko. Anaapa aliita mara mbili. Tajiri wake kamsimamisha kazi.

Uwanja huu hauna rada. Una redio na mimi. Rubani anasema alipo na kimo chake, mimi namwambia mwenzake, basi. Na redio ni ya mmoja mmoja: nikishika kitufe mimi, wengine wote wamezibwa midomo. Miaka tisa kazini, nayajua haya kama Alhamdu.

Sikumsikia. Hilo kweli. Mbona basi naukwepa ukurasa wa jana?

Jumatano, 7 Februari

Nimekwenda kwa Famau kumpa mkono. Tumelia. Kisha akashusha sauti: ulipokuwa ukinipa tanzia, nilisikia mluzi ndani ya sauti yako.

Mluzi! Maana yake kuna mtu wa pili anaita wakati huohuo. Mwengine angani hakuwapo. Ni Abdulkadiri.

Nikasema naenda kueleza. Akakasirika, Kibajuni kikamtoka. "Badi, wachu watasema tanzia ya mama ndiyo iliyotaka kuua. Chushukuru Mungu, unyamaze."

Nimenyamaza. Ee, mimi huyu! Najuta kushika kile kitufe. Nilichoandika baadaye najuta zaidi.

Alhamisi, 8 Februari

Abdulkadiri kapanda ngazi za mnara. Nilidhani kaja kwa shari, nikasimama kabisa. Kumbe kanipa mkono! "Nimesikia umefiwa na mama aliyekunyonyesha. Pole, ndugu yangu. Mungu amweke pema."

Sijapata kuona haya namna ile. Mkono wangu akaushika muda, wala hakunikazia macho. Akauliza polepole kama kweli sikumsikia. Nikasema sikusikia. Akaitikia kwa kichwa, akashuka.

Mkaguzi wa usafiri wa anga anaiamua leseni yake Jumamosi. Ana watoto sita na hajui kazi nyengine.

Ijumaa, 9 Februari

Nimeswali. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, 10 Februari

Mkaguzi kafika kutoka Mogadishu. Mzee Mahmoud, mpole, mzaliwa wa hapa Kismayo, Kiswahili kimemkaa. Akapekua daftari, akauliza hili na lile. Katika mazungumzo akajua nimefiwa. Akaweka kalamu chini, akasimama, akaanza kunipa tanzia kwa utaratibu wake, neno baada ya neno.

Redio ikaita. Rubani mpya wa miraa anakaribia Chovae, futi elfu tatu. Na Famau alikuwa anarudi kutoka Ras Kamboni, kimo hichohicho!

Nikamwinulia mzee kiganja: ngoja. Nikabonyeza: Famau, miraa iko mbele yako, panda elfu nne. Akapanda. Wamepishana.

Mzee akaketi tena. "Tanzia nayo hukatizwa, mwanangu?"

"Hukatizwa," nikasema. "Nimechelewa kujua. Laiti ningejua Jumatatu."

"Jumatatu kulikuwa na nini?"

Ikaadhiniwa Adhuhuri. Akasema tutaendelea, akashuka kutawadha. Daftari la mnara kaliacha wazi mbele yangu, ukurasa wa Jumatatu, na kalamu yake juu.

Famau ameshatua. Anapanda ngazi, viatu vyake navijua. Najua na atakaloniambia. Mama ni wake. Lakini ni wangu pia, na hakunilea hivi. Naweka kalamu yangu chini, nachukua ya mzee.