Tandala Wasio na Vichwa

Jumamosi, 4 Juni 2016
Nimempelekea Papa fufu na sombe ya majani ya muhogo buchani anakofanya kazi, kama kila Jumamosi. Nikakaa nyuma ya kaunta na kitabu. Ni msimu wa kuwinda. Wawindaji wanaleta swala wao wakaushiwe nyama. Leo lori la bosi limeleta tandala kumi na wawili kutoka shamba moja la kaskazini. Majike wote. Bosi anawaambia wateja kwamba mwenye shamba anapunguza kundi kwa sababu ya ukame.
Hawana vichwa. Dume hukatwa kichwa ili pembe zitundikwe ukutani. Jike hana pembe. Nani anataka kichwa chake?

Jumanne, 7 Juni
Maktaba baada ya shule, kutafuta kwa nini jike akatwe kichwa. Tandala akiwa na kifua kikuu, tezi za chini ya sikio huvimba. Mapafu hujaa vinundu. Binadamu anaweza kuambukizwa. Nimenakili ukurasa mzima kwa Kiswahili. Juzi tulikula maini ya buchani.

Jumamosi, 11 Juni
Wengine tisa. Hawana vichwa, hawana mapafu.
Wawindaji wawili wazee walinong'ona kwa Kiafrikana mbele yangu, wakidhani sielewi. Nakisoma shuleni. Mmoja anapakana na shamba lile. Ameona jike mwenye uvimbe shingoni akinywa maji karibu na uzio wake. Ugonjwa ukivuka, kundi lake nalo litauawa. Lakini ushahidi hana.
Mudi, Mtanzania anayesaga soseji, alinikuta nikichungulia chumba cha baridi.
"Unatafuta vichwa, profesa? Muulize mzee wako. Ndiye anayevikata huko shambani kila Ijumaa."
Akacheka.

Jumapili, 12 Juni
Kanisani Papa aliimba kwa sauti kuliko wote. Nilimchukia. Kwetu Bukavu, kabla hatujahamia huku, alifanya kazi machinjioni. Amenisimulia mwenyewe: mkaguzi hutazama kichwa na mapafu kwanza, ndipo agonge muhuri. Kwa hiyo anajua. Anajua na anakata. Simwamini tena.

Alhamisi, 16 Juni
Sikukuu. Nimeshinda chumbani. Kumwambia Papa siwezi. Nimeukunja ule ukurasa wa kifua kikuu, nikautia kwenye mfuko wa koti lake la kazi.

Ijumaa, 17 Juni
Amerudi kutoka shambani. Alinawa mikono muda mrefu. Maman akamuuliza, "Papa Neema, ni nini?" Akasema ni baridi tu.

Jumamosi, 18 Juni
Tandala kumi. Tisa hawana vichwa. Wa kumi anacho.
Papa mwenyewe alimtundika karibu na mlango, mapafu yake kwenye ndoano ya pembeni, kama kwa mkaguzi wa Bukavu. Chini ya sikio, uvimbe mkubwa kama ngumi. Saa nne wale wazee wawili waliingia. Walisimama. Mmoja akatoa simu, akapiga picha.
Bosi alikuja mbio. Kwa nini hiki hakikukatwa?
"Eish, bosi. Nilisahau."
Papa hajawahi kusahau kitu buchani. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kaunta.

Jumatano, 29 Juni
Daktari wa mifugo wa serikali amelifunga shamba. Tandala waliobaki watauawa wote. Wa yule jirani wanapimwa kwanza. Bucha imefungwa pia. Mudi amepita barabarani bila kunisalimu. Simlaumu.
Jana tulipigwa picha za kifua kliniki, sote watatu. Tukiwa kwenye foleni Papa aliniambia bila kunitazama: barua ya kazi inayosimamia kibali chetu cha kuishi hapa iliandikwa na bosi. Ndiyo maana alikata wiki zote zile. Lakini wale wateja walishabeba nyama yao.

Jumamosi, 2 Julai
Vifua vyetu ni safi. Maman amelia kidogo, akaenda kazini kwake saluni.
Papa amesikia kuna kazi kwenye mazizi ya farasi, Turffontein. Amepiga viatu rangi. Nimemsindikiza. Kwenye roboti, taa zilipowaka kijani, nilimshika mkono kama zamani, tukavuka. Nina miaka kumi na sita.