Gunia la Fundi Rajabu

Fundi Rajabu,

Shikamoo. Nimesubiri kidogo hapa niisikie marahaba yako, halafu nikakumbuka.

Nina jambo la kukiri. Baada ya arobaini yako nilinunua mkoba wa ngozi, wenye vifungo vinavyong'aa na mfuko mdogo wa ndani wa kutilia filamu. Lile gunia lako la kahawa ulilolishona mwenyewe la kubebea kamera nililitundika msumarini. Unajua lilivyonitia aibu. Mtu mzima, kitambi mbele, gunia begani, na wanawake wa Pasua wananiuliza kama nauza kahawa. Wewe uliwajibu bila kucheka: "Kahawa yangu hukaushwa gizani." Mimi nikaona dawa ni mkoba.

Ndani ya kamera ilikuwamo ile filamu yako. Unaikumbuka siku ile nilipokupiga picha mlangoni, kikohozi kimekushika? Ulinigombeza, ukasema mpiga picha hapigwi, halafu ukainyoosha kofia yako mwenyewe. Zilibaki nafasi mbili. Na sheria yako ilikuwa moja: filamu haisafishwi ikiwa na nafasi. Siku tisa baadaye tukakuzika, na nafasi zako mbili bado zinangoja.

Kwa hiyo nilipanda Old Moshi kwenye ubatizo, nikazimaliza kwa picha za mtoto na bibi yake. Filamu nikaitoa, nikaibana kwa karatasi yake, nikaitia katika ule mfuko mzuri. Mvua ilinikuta njiani nikishuka. Kamera niliificha ndani ya koti. Mkoba nikauacha ujitetee, si ngozi?

Maji yaliingia kwenye mishono, yakakaa humo kama ndooni. Nilipoufungua, filamu na karatasi yake vilikuwa vimegandana. Siku hiyo ndipo nililishusha gunia lako na kulitazama vizuri. Ndani, turubai. Ndani ya turubai, kipande cha blanketi. Katikati, kopo la filamu, mfuniko wake umezibwa kwa nta. Miaka yote nilidhani ulibeba gunia kwa ubahili.

Nilisafisha kilichosafishika. Mtoto hayumo, bibi hayumo. Wewe umetoka mkono wa kulia tu, umeshika ukanda wa gunia. Juu ya kifundo cha mkono, weupe mtupu.

Kwetu, mwenye kosa hubeba jani la sale, na anayepelekewa hana budi kusamehe. Nililipeleka Old Moshi, wakanisamehe na kunipa pombe ya mbege. Kisha nikampelekea mke wako. Nilisahau kwamba Mama Zuhura ni mtu wa Tanga. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama linachemshwa. Alidhani nimeleta dawa ya kikohozi, Fundi, na wewe umeshazikwa.

Nikamweleza yote. Nikamwambia kwamba picha pekee ya uso wako niliiua mimi, kwa kutaka nionekane bwana. Nilitamani anitukane. Mwisho akasema, "Shemeji, nipe huo mkono."

Ameuweka ndani ya sanduku la nguo. Zuhura wenu bado mdogo. Siku moja ataomba kumwona baba yake, naye ataonyeshwa vidole vitano. Hilo ndilo linaloniamsha. Sale haina jani la kutosha kwa mtoto huyo.

Mkoba wa ngozi sasa kuku anatagia ndani yake. Anausifu sana.

Mimi nimerudi kwenye gunia. Nimezibadilisha nyuzi za ukanda, lakini pale mkono wako ulipopasugua sikupagusa. Na sheria yako nimeivunja, nisamehe: nikimpiga picha mgonjwa au mzee, naikata filamu na kuisafisha siku ileile, hata ikiwa na nafasi sita. Naahidi hakuna uso mwingine utakaongojeshwa na mimi.

Juzi mama mmoja wa Pasua aliniuliza tena kama nauza kahawa. Nikamjibu kwamba yangu hukaushwa gizani. Alicheka. Mimi nikaliweka gunia vizuri begani, nikaendelea na njia.

Lala salama, Fundi. Gunia ninalo.

Mwanafunzi wako mzee,
Eliasi