Bibi Yangu Ndani ya Faili ya Bwana Lenzi

Mwenzangu, bado natetemeka kwa hasira. Ndiyo kwanza natoka kwa yule mama mwenye kiwanda cha uchapaji.

Unamkumbuka Bwana Lenzi, niliyempa faili ya picha ya bibi yangu akitunga uzi kwenye sindano, anitolee nakala ya ukutani? Ameipeleka kwa mama iwe jalada la kalenda! Kakata pembe yenye jina langu, halafu anasema mbele yangu, "Huyu ni bibi yangu mzaa mama."

Bibi YAKE! Hana hata haya!

Mama akasema asiye na ushahidi aondoke.

Sasa sikia upumbavu. Bwana Lenzi akachomoa flashi, kifua mbele: "Mimi siokotezi picha kwenye simu. Ninayo faili yenyewe, haijabanwa hata kidogo."

Haijabanwa! Angeibana tu, kama simu zinavyobana picha ziwe nyepesi kutuma, ile alama niliyoificha ndani ya rangi za picha ingefutika, na mimi ningebaki nimekodoa macho. Lakini majigambo hayamwachi!

Nikaipitisha faili kwenye programu yangu ya kusoma alama. Likatokea jina langu, tarehe, na maneno: "Bibi yangu, dirishani kwake."

Mama akayasoma kwa sauti. Tena akarudia, "Bibi yangu." Bwana Lenzi akaangalia viatu vyake.

Unajua Bwana Lenzi kaniambia nini mlangoni?

"Dada, nifundishe na mimi nifiche alama kwenye picha zangu."

Nikamuuliza, "Zako zipi?"