Sehemu ya Marwa

Busawe, Jumapili jioni

Kumbe ile pedali ndogo ya gitaa niliyonunua Mugumu inarekodi pia. Leo nimepiga ridhimu ya wimbo wetu wa kwaya, nikakanyaga kitufe, ikaanza kuirudia yenyewe. Juu yake nikapiga solo, sehemu ya kaka yangu Marwa. Tangu aende machimboni hajatupigia hata simu.

Mama akaja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Marwa amerudi?"

"Hapana, Mama. Ni mimi tu, na hii mashine."

Nikainama niizime.

"Iache," akasema. "Iache kidogo."

Akaketi kitandani kwangu, akafumba macho. Nikaendelea kupiga, na pale Marwa alipozoea kukosea, nikakosea makusudi.