Dastani, Uliyeondoa Salfa Kwenye Petroli

Mwaka umekatika, Dastani, Baba Upendo wetu, tangu simu ile ya msiba ipigwe kutoka ng'ambo na mkeo Cecilia akae chini palepale uani, juu ya mchanga.

Hapa Mnyambe tulikutania sana. Sisi tunahangaikia salfa ya kupulizia mikorosho, wewe umeajiriwa huko ng'ambo kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta uitoe kwenye petroli! "Tuletee basi hiyo mnayoitupa," tulikwambia. Ukacheka, ukatueleza taratibu kwamba petroli yenye salfa nyingi moshi wake unaharibu vifua vya watoto mijini. Hukuchoka kutuelewesha.

Ukamvuta na rafiki yako Lukmani wa Chiungutwa, mkawa kazi moja. Siku ile bomba la gesi ya salfa lilipovuja, mtambo mzima ulinuka mayai viza. Lukmani akaiacha barakoa yake ya gesi ukutani. "Salfa tu hii, tumekulia ndani yake!" Ndiyo mazoea yetu ya mikoroshoni, kujifunga kitambaa puani na kusonga mbele. Harufu ilipopotea akadhani yamekwisha. Kumbe gesi ile huua pua kwanza. Akaanguka. Ukaingia, ukamvika barakoa yako, ukamburuta hadi mlangoni wenzako wakamdaka. Wewe hukutoka.

Cecilia alikataa katakata kumsamehe. Lukmani alikuja msibani, akainamisha kichwa: "Pole, shemeji." Akapewa mgongo. Tangu hapo, akitajwa tu, Cecilia huondoka barazani.

Juzi tulikaa kuandika tangazo hili la kumbukumbu yako. Kaka yako Cuthbert akasema wazi, "Jina la huyo lisiwemo. Ndiye aliyetuulia ndugu." Tukamtazama Cecilia, roho juu. Alikuwa akichambua mbaazi. Tuliogopa familia inapasuka mbele ya macho yetu.

Hatimaye akaweka ungo chini. "Baba Upendo alimtoa mle ndani ili aishi. Mimi ni nani nimzike mzima? Mwandikeni." Cuthbert akashika kalamu. Cecilia akalia, nasi tukalia naye.

Unakumbukwa na mkeo Cecilia, binti yako Upendo, mama yako Agnes, kaka yako Cuthbert, dada yako Flora, majirani wote wa Mnyambe, na ndugu yako Lukmani.

Hutatutoka moyoni, Baba Upendo, maadamu tunaishi.