Radhi ya Fundi Kabla ya Alhamisi

Makorora,
Tanga.
9 Machi, 1956.

Mpendwa kaka yangu Uweso,

Assalaam aleikum. Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta umekwisha swali na kunywa chai, maana nakujua, ukisoma barua na njaa hukasirika kabla hujafika katikati. Hali yako je? Kifua kimepoa, au vumbi la mbao bado linakukohoza? Na wifi yangu Mwatumu, mguu wake umeacha kuvimba? Mwambie asikae sana kwenye sakafu ya saruji. Sisi huku miili yetu mizima, alhamdulillahi.

Usiushangae mwandiko. Siku zote barua zangu nimeandikiwa na mwalimu wa chuoni, kwa herufi za Kiarabu, na hizi za kizungu nimejifunza mwaka huu tu, kwa hiyo zimelala huku na huku. Nimeandika mwenyewe kwa sababu sitaki haya nitakayokwambia yapite kinywani mwa mtu mwingine.

Habari za mtaa ni nzuri. Masika bado, ila joto la jioni linasema hayako mbali. Jirani yetu Bi Kijakazi amemwoza binti yake kwa mtu wa Pangani. Harusi ilikwenda vizuri, isipokuwa kivuko kilichelewa na bwana harusi akafika watu wamekwisha kula, ikabidi akwanguliwe ukoko. Tulicheka mpaka tukalia. Tangu siku ile sijacheka tena, na sasa nakuambia kwa nini.

Kaka, naogopa. Naogopa juu ya mpwa wako Idarusi. Nikisikia mlango unagongwa mchana nadhani wamekuja kuniambia. Alhamisi ijayo anapanda juu ya ukuta mrefu kupokea kenchi za paa, na anapanda bila radhi yako.

Najua Chama cha Kufunza Kazi za Mikono hukipendi, tena hutaki hata kulisikia jina lake. Lakini nikieleze kwa haki. Walipoanza pale Nguvumali walikuwa na kibanda cha makuti na meza za kuazima, na watu tuliwasema sana. Leo wana waashi, maseremala na wafua bati, na asubuhi sisi wanawake tunafunzwa cherehani na kusoma. Vijana waliotoka mashamba ya mkonge, ambao hawakujua ila kukata majani, sasa wanatengeneza milango na madirisha yanayofunga sawasawa. Madawati ya shule mbili yametoka mikononi mwao. Mimi mwenyewe nashona mashati ya watoto, na watu wananunua. Sasa wanajijengea karakana kubwa, wanafunzi wenyewe kwa wenyewe. Kuta zimekwisha. Limebaki paa, nao wanalikimbizia kabla ya mvua.

Kwa hiyo sisemi Idarusi alikwenda mahali pabaya. Nasema aliondoka kwako vibaya. Ulimchukua alipofariki baba yake, marehemu Mwinyijuma, ukampeleka Mombasa, ukamfunza tezo na randa na patasi mpaka akawa anachonga nakshi ya mlango bila kuchorewa. Yalibaki ya mwisho tu: akuletee kilemba, akupigie magoti, umpe radhi mbele ya mafundi wenzako, naye aitwe fundi. Yeye akangoja umekwenda kuswali Ijumaa, akaviweka vyombo vyako kizingitini, akapanda basi kuja huku kwenye Chama. Hakukukabidhi mkononi.

Na neno ulilolisema uliporudi ninalo, maana wifi aliniletea. Ulisema mkono ulioikimbia kazi yako usipate pa kushika. Najua ulikuwa na hasira, na najua ulikuwa na haki ya kuwa na hasira. Lakini neno hilo limekaa kifuani mwangu tangu siku hiyo na halitaki kushuka.

Kwanza patasi ilimchoma kiganja. Nikajisemea, seremala gani hajapata kuchomwa. Kisha ngazi ikateleza, akaning'inia dirishani mpaka wenzake wakamshusha. Akaja nyumbani kunisimulia huku anacheka, nami nikageuka kukoroga chungu ili asiuone uso wangu. Usipate pa kushika, ndivyo ulivyosema.

Hapo nikafanya ujinga. Nikaona kama shida ni kilemba, basi kitolewe haraka, na fundi aliye karibu ni Bwana Ernesti, mwalimu wao wa useremala. Ni Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, mtu mpole asiyepaza sauti hata nyundo ikimpiga kidole. Nikachagua kitambaa kizuri, cheupe chenye ukingo wa hariri, nikampelekea. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante sana mama, Dorkasi alikuwa akitafuta nguo ya kumbebea mtoto." Jumapili nikamwona mkewe anakwenda kanisani, mtoto kamfunga mgongoni kwa kilemba cha mwanangu.

Nilimsimulia Bi Kijakazi nikidhani atacheka. Hakucheka. Akaniuliza, "Mwanasiti, na yule fundi wa kwanza ushampa?" Nikakaa chini pale pale uani. Nilikuwa nimemvisha wa pili na kumruka wa kwanza, tena wa kwanza mwenyewe ni mjomba mtu. Na kile kitambaa siwezi kukidai, mtoto wa watu amekizoea.

Wiki ile ile Kristofa akaanguka. Huyu ni kijana wa mashamba ya mkonge, rafiki wa Idarusi, ambaye Idi zote anakula kwangu ingawa ni Mkatoliki. Zamu ya kusimama juu ya jukwaa la ujenzi ilikuwa ya Idarusi. Idarusi akateremka kunywa maji, Kristofa akashika mahali pake, na ubao ukapinduka. Amevunjika nyonga, yuko hospitali, na hawajui kama atatembea bila gongo. Nimekwenda kumtazama na uji. Alinishika mkono akaniambia nisilie. Sikumwambia kwamba nilikuwa nalia kwa ajili ya wawili.

Bwana Ernesti anasema ubao haukufungwa vizuri, na sasa kila ubao unafungwa kamba maradufu na yeye mwenyewe anaukanyaga kwanza. Namsadiki. Lakini jukwaa lile lilikuwa refu, kaka, na ubao uliopinduka ni ule ule wa Idarusi.

Sasa kazi ya Alhamisi ni hii. Kenchi zitavutwa kwa kamba na watu walioko chini, na mtu mmoja akae juu kabisa, penye pembe ya ukuta, azidake na kuzipigilia misumari. Wamemchagua mwanao. Walipomuuliza kama ana kizunguzungu alijibu kwamba mjomba wake alimtoa kizunguzungu zamani, kwenye mapaa ya Mombasa. Alisema hivyo mbele ya watu wote, Bwana Ernesti ndiye aliyeniambia. Kwa hiyo usidhani amekusahau.

Nilimwomba akuandikie. Akanijibu, "Mama, Chama hakitaki kilemba, chatoa cheti. Weye waogopa bure." Nikamwambia cheti hakimzuii mtu kuanguka. Akasema, "Na kilemba je, chamzuia?" Lakini alipoondoka nikakuta chai yake hakuigusa, na mkate ameumega vipande vipande akauacha. Anaogopa naye. Ana haya tu ya kukutazama usoni, na ujeuri huo hakuurithi kwa baba yake, ameuchukua kwako.

Nikamwendea Bwana Ernesti, nikamsihi ampandishe mwingine. Hakunicheka wala hakunikemea. Aliniuliza tu, "Nimpandishe mtoto wa nani, mama?" Nikarudi nyumbani.

Kaka, wewe ndiye mtu wa pekee ambaye sihitaji kumfafanulia jambo hili. Ulipokosana na fundi wako kwa ajili ya ule msumeno uliovunjika, ulilala barazani kwake kama ombaomba mpaka alipokufungulia moyo. Mama alikuwa akikupelekea uji, na ulikuwa ukiurudisha. Uliniambia huwezi kushika hata nyundo huku mtu aliyekufunza amekununia. Nilikuwa mdogo, lakini nilikusikia na nikaamini. Basi usiniambie leo kwamba mambo hayo ni ya wanawake.

Dereva wa basi atakayekupa barua hii ana kifurushi pia. Ndani mna kilemba chako. Si kizuri kama kile cha kwanza, na upindo nimeushona mwenyewe kwa cherehani ya Chama, kwa hiyo ukiuona umekwenda upande usinicheke. Ukitaka kivae, ukitaka kifunikie kopo la gundi, hiyari yako. Ila kipokee kwa mkono wa kulia, na utamke kwa ulimi wako, wifi akisikia, kwamba uko radhi na Idarusi na lile neno umelifuta. Usingoje aje akupigie magoti. Atakuja, nitamleta mwenyewe kwa kumshika sikio, lakini aje akiwa mzima. Dereva anarudi huku Jumatano. Mwambie neno moja tu aniletee.

Nisalimie wifi Mwatumu sana, mwambie pilipili ya kukausha nitampelekea akipatikana mtu. Nisalimie wanangu wote wawili, na Bi Mkubwa wa nyumba ya pili kama bado yu hai. Bi Kijakazi anakusalimu, na Kristofa pia, kutoka kitandani kwake, ingawa hakujui ila kwa sifa anazosikia kwa Idarusi.

Nimalizie na hili, na usidhani nakutisha, nakuarifu tu. Alhamisi hatuna darasa, lakini wanawake wote wa cherehani wamealikwa kutazama paa likipanda, na wametengewa viti kivulini. Dereva akiniletea neno lako nitakaa pamoja nao na kupiga vigelegele. Akija mikono mitupu sitakaa kivulini. Nitakwenda kusimama chini ya ile pembe ya ukuta, pale pale atakapokuwa yeye juu, na hapana mtu wa Chama wala wa mtaa atakayeniondoa mpaka msumari wa mwisho upigwe.

Mungu akupe afya, aibariki mikono yako na kila mkono uliopata kuufunza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinuna,
Mwanasiti