Dikte ya Mwalimu Ilunga

Kamina, Jumanne

Na mimi nilikuwa nimemwandikia alama mbaya! Tangu apasuliwe kansa ya ulimi, mwalimu Ilunga anaogopa kunyang'anywa darasa lake. Juzi hospitalini, nilipompima usemi kwa orodha yangu ya maneno, alikwama na kutoka jasho.

"Mademoiselle," akanialika shuleni kwake, "kuya ku masomo. Utanipima kule."

Leo nimeketi nyuma ya wanafunzi wake. Akaanza dikte, akiwasomea sentensi waziandike, maneno yakitoka mazito. Nilifumba macho kwa woga. Kisha msichana mmoja akalalamika: "Mwalimu, uko naenda mbio!"

Darasa zima likacheka, naye akacheka kuliko wote. Nimepitia madaftari: sentensi zote zimo.

Fomu yangu haina nafasi ya jambo hilo, kwamba wanafunzi wanamwelewa. Nimeliandika pembeni, nikaipeleka fomu mwenyewe kwa mkurugenzi wa shule, anayeamua kuhusu darasa lake.